Maumivu ya Miguu ya Mama Mzee Si Uzee Tu

Katika nyumba nyingi, mama mzee aanzapo kutembea polepole kuliko zamani, jamaa zake hawashtuki. Wao huona kwamba umri umemfikia. Akichelewa kurudi kutoka sokoni, husemwa kuwa alikuwa akizungumza na wenzake njiani. Akiacha kwenda kuteka maji, wajukuu hutumwa badala yake. Akiulizwa na mwanawe, "Mama, miguu yakusumbua?" yeye mwenyewe hujibu, "Ni uzee, mwanangu, wala si kitu." Basi neno huishia hapo, na mwaka baada ya mwaka mahali anapoweza kufika kwa miguu yake huzidi kupungua: kwanza huacha kwenda soko, kisha nyumba ya ibada, kisha nyumba ya jirani, na mwishowe hubaki katika ua wake mwenyewe.

Ni kweli kwamba uzee hupunguza nguvu za mwili. Lakini si kila udhaifu wa miguu uletwao na uzee. Upo ugonjwa wa mishipa ya damu ambao hushambulia miguu, nao huwapata wanawake wazee sawa na wanaume, ijapokuwa kwa muda mrefu madaktari wengi walidhani ni ugonjwa wa wanaume wavuta sigara. Wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka 2010 watu zaidi ya milioni 200 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya theluthi mbili yao walikuwa katika nchi zenye mapato madogo au ya wastani. Kwa hiyo si ugonjwa wa matajiri wa Ulaya na Marekani peke yao.

Ugonjwa huu unaweza kupimwa bila kumchoma mtu sindano, na mengi yaweza kufanywa kumsaidia mgonjwa. Yafaa basi kila mwenye mama, bibi au shangazi mzee nyumbani ajue jinsi unavyoanza, unavyojificha, na jinsi unavyotibiwa.

DAMU IPELEKWAVYO MIGUUNI

Moyo ni kama pampu. Kila upigapo husukuma damu ndani ya mishipa iitwayo ateri. Ateri iliyo kubwa kuliko zote hushuka kutoka moyoni kupita tumboni, na karibu na kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila mguu. Kila tawi hupita kinenani, likafuata paja, likapita nyuma ya goti, likagawanyika tena katika shavu la mguu hata kufika kwenye vidole. Damu hiyo huchukua hewa ya oksijeni na chakula, vitu ambavyo nyama ya mwili haiwezi kufanya kazi bila kuvipata.

Kwa mtu mwenye afya, ukuta wa ndani wa ateri ni laini. Miaka ipitapo, na hasa mtu akiwa na mojawapo ya sababu zitakazotajwa baadaye, mafuta yaliyomo katika damu hujipenyeza ndani ya ukuta huo. Mahali hapo huvimba, huwa pagumu, na pengine hushikwa na chokaa. Njia ya damu ikawa nyembamba. Mahali pengine huziba kabisa, na damu hulazimika kuzunguka kwa vijishipa vidogo vya kando.

Mkulima anayemwagilia shamba lake kwa mfereji ataelewa jambo hili upesi. Mfereji ukijaa tope nusu, maji yatapita bado. Wakati wa mvua hakuna atakayeona upungufu wowote. Lakini jua likizidi na mimea ikihitaji maji mengi, sehemu ya mwisho ya shamba itaanza kunyauka, ingawa mwanzoni mwa mfereji maji yaonekana. Ndivyo ilivyo miguu. Mtu akikaa, nyama za mguu huhitaji damu kidogo tu, na hiyo kidogo hupita. Akisimama na kwenda, hasa kupanda kilima au kubeba mzigo, nyama hizo huhitaji damu mara nyingi zaidi, wala mshipa mwembamba hauwezi kuileta. Ndipo taabu ianzapo.

DALILI IJULIKANAYO TANGU ZAMANI

Dalili yenye kujulikana sana ni maumivu yajayo wakati wa kutembea na yaondokayo wakati wa kupumzika. Aghalabu hushika shavu la mguu, pengine paja au matako. Mgonjwa hutembea umbali fulani, nyama hukaza na kuuma, husimama dakika chache, maumivu yakatoweka, akaendelea tena mpaka umbali ule ule, na maumivu yakarudi.

Mtu wa kwanza kuieleza dalili hii vizuri hakuwa tabibu wa watu. Alikuwa daktari wa wanyama wa Ufaransa, jina lake Bouley, ambaye mwaka 1831 alieleza habari za farasi aliyechechemea kila alipofanyizwa kazi na kupona alipopumzishwa. Mwaka 1858 tabibu mwingine wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, alieleza hali kama hiyo kwa binadamu. Madaktari waliipa dalili hiyo jina lililotoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kuchechemea, na jina hilo latumika hata leo.

Maumivu haya yasichanganywe na baridi yabisi ya magoti au nyonga. Baridi yabisi huuma katika kiungo chenyewe, aghalabu tangu hatua ya kwanza baada ya kuinuka, na siku moja yaweza kuwa nzito na siku nyingine nyepesi. Maumivu ya mshipa hukaa katika nyama, huja baada ya mwendo, na umbali wake hubadilika kidogo tu. Kadhalika yasichanganywe na maumivu ya neva zilizobanwa mgongoni. Mwenye mgongo uliobanwa hapati nafuu kwa kusimama tu. Hutaka kuketi au kuinama mbele. Mwenye ugonjwa wa mishipa hupata nafuu akiwa amesimama wima, maana kinachotakiwa ni miguu kuacha kazi.

UGONJWA HUJIFICHA

Kama kila mgonjwa angekuwa na dalili hiyo, kazi ya madaktari ingekuwa nyepesi. Lakini sivyo. Wagonjwa wengi hawana dalili hiyo kabisa, na kwa wanawake wazee jambo hili limechunguzwa kwa uangalifu.

Katika mji wa Baltimore, Marekani, wataalamu walichagua wanawake 1,002 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliokuwa wakiishi majumbani mwao lakini tayari walikuwa na shida katika kazi za kila siku. Wanawake 933 kati yao walipimwa mishipa ya miguu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2000 na Daktari Mary McDermott pamoja na wenzake. Wanawake 328, yaani 35 katika kila 100, walionekana kuwa na mishipa ya miguu iliyopungua njia. Tena katika hao wagonjwa, 63 katika kila 100 walisema kwamba hawapati maumivu yoyote ya miguu watembeapo.

Hesabu hiyo isidhaniwe kuwa ni ya wanawake wazee wote, kwa sababu waliochaguliwa walikuwa wale wenye udhaifu tangu mwanzo. Hata hivyo funzo lake ni kubwa. Mwanamke anaweza kuwa na ugonjwa huu wala asiwe na maumivu ya kumpeleka hospitalini.

Je, kwa nini asiumwe? Sababu moja ni kwamba mwenye miguu dhaifu hujipunguzia mwendo pasipo kujua. Hutembea polepole, hupumzika mara kwa mara, huacha safari ndefu, na hivyo hafiki kamwe katika kiwango cha kuleta maumivu. Sababu nyingine ni kwamba mwenye kisukari huenda neva za miguu yake zimekufa ganzi, naye hahisi ambalo mwingine angelihisi. Wengine huhisi kitu, lakini hawakiiti maumivu: husema miguu imechoka, imekuwa mizito, au haina nguvu. Daktari akiuliza tu, "Je, waumwa?" atajibiwa hapana, na mgonjwa atarudi nyumbani bila kupimwa.

KAZI ZA KILA SIKU

Jambo kubwa lililoonekana Baltimore si hesabu ya wagonjwa, bali ni uhusiano wa mishipa na kazi za maisha. Kadiri damu ilivyopungua miguuni, ndivyo mwanamke alivyotembea polepole zaidi, alivyoshindwa kusimama imara, alivyochelewa kuinuka kitini, na alivyopunguza safari zake za miguu kila juma. Jambo hilo lilikuwa kweli hata kwa wale waliosema kwamba hawaumwi. Kwa maneno mengine, ukosefu wa maumivu si dalili ya usalama.

Vipimo vilivyotumiwa ni vyepesi, navyo vyafaa kujulikana. Cha kwanza ni kusimama: mtu husimama miguu ikiwa pamoja, kisha mguu mmoja ukiwa mbele kidogo, kisha kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kila mara kwa sekunde 10. Cha pili ni kutembea mwendo mfupi kwa hatua zake za kawaida huku saa ikiangaliwa. Cha tatu ni kuinuka kitini mara 5 mfululizo, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kipimo kingine kitumiwacho sana ni kumwambia mtu atembee kwa muda wa dakika 6 na kupima ni mita ngapi amekwenda.

Vipimo hivyo vyaweza kuonekana kama mchezo, lakini sivyo. Kuinuka kitini ndiko kuinuka kitandani, chooni na kwenye kigoda cha jikoni. Kusimama imara ndiko kujizuia asianguke akijinyosha kuchukua sufuria, na kuanguka kwa mama mzee ni mwanzo wa kuvunjika nyonga. Mwendo wa hatua ndio uamuao kama atavuka barabara kabla gari halijafika. Mtu akipoteza mambo haya matatu, hapotezi afya peke yake. Hupoteza uwezo wa kujitawala nyumbani mwake.

Tena kuna mzunguko mbaya. Damu kidogo huleta uchovu. Uchovu humfanya mama akae. Kukaa hudhoofisha nyama za miguu. Nyama dhaifu huchoka upesi zaidi. Naye huzidi kukaa. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wanawake wenye ugonjwa huu hupoteza uwezo wa kutembea upesi kuliko wanaume wenye ugonjwa huo huo. Watafiti waliona kwamba huenda sababu ni kuwa wanawake walianza wakiwa na nyama ndogo zaidi katika shavu la mguu. Mwenye akiba ndogo huishiwa mapema.

KIPIMO CHA KIFUNDO CHA MGUU

Njia ya kuutambua ugonjwa huu ni kulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na lile la mkono. Daktari Travis Winsor wa Marekani aliandika habari za vipimo vya namna hiyo mwaka 1950. Mgonjwa hulala chali na kupumzika dakika chache. Kitambaa cha kupimia shinikizo hufungwa mkononi, kisha juu kidogo ya kifundo cha mguu, na chombo kidogo hutumika kusikiliza damu inapopita. Hakuna sindano wala dawa, na kazi yote humalizika kwa muda mfupi.

Kisha hufanywa hesabu ya kugawanya. Tuseme shinikizo la juu la mkono ni 140 na la kifundo ni 98. Gawanya 98 kwa 140, jibu ni 0.70. Kwa mtu mwenye mishipa safi jibu huwa kati ya 1.00 na 1.40. Jibu la 0.90 au chini yake maana yake ni kwamba mtu ana ugonjwa. Kati ya 0.91 na 0.99 ni mahali pa mashaka. Jibu likizidi 1.40, si sifa ya afya. Aghalabu ni dalili kwamba mishipa imekuwa migumu mno hata haibanwi na kitambaa, jambo litokealo kwa wenye kisukari cha muda mrefu na wenye ugonjwa wa figo. Hao huhitaji kupimwa kwa njia nyingine.

Palipo na zahanati isiyo na chombo hicho, mganga aweza kuanza kwa kugusa mapigo ya damu kinenani, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo na juu ya wayo. Mapigo yasiposikika, ni sababu ya kumpeleka mgonjwa mahali penye vyombo. Lakini kuyasikia si uthibitisho kwamba hakuna ugonjwa.

WALIO KATIKA HATARI

Kwanza ni watumiao tumbaku. Hakuna sababu nyingine iwezayo kuzuiwa iliyo kubwa kuliko hiyo kwa mishipa ya miguu. Pili ni wenye kisukari. Tatu ni wenye shinikizo kubwa la damu. Nne ni wenye mafuta mengi katika damu. Tano ni wenye ugonjwa wa figo. Mwisho ni umri wenyewe, maana hatari huongezeka kadiri miaka inavyoongezeka, na kwa wanawake huongezeka baada ya kukoma hedhi.

Mtu mwenye mishipa mibaya miguuni asifikiri kwamba taabu yake i miguuni tu. Mishipa yote ni ya mwili mmoja. Mafuta yaliyoziba ateri ya paja huenda yameanza kuziba ateri za moyo na za shingo ziendazo kichwani. Kwa hiyo watu hawa hufa kwa ugonjwa wa moyo na kiharusi zaidi kuliko wengine wa umri wao. Kupimwa miguu kwaweza kuwa ndiko kuokoa moyo.

KUTEMBEA NI DAWA

Wengi watashangaa kusikia kwamba dawa iliyo bora kwa miguu isiyoweza kutembea ni kutembea. Lakini ndivyo ilivyothibitishwa mara nyingi. Mgonjwa hutembea mpaka maumivu au uchovu ufike kiasi cha kutosha, husimama au kuketi mpaka yaondoke, kisha huanza tena. Hurudia hivyo kwa muda wa dakika 30 hivi, na polepole huongeza mpaka dakika 45 au 50. Hufanya hivyo siku 3 au zaidi kila juma, wala haachi kabla ya majuma 12 kutimia, kwa kuwa faida haionekani kwa siku moja.

Mwendo huu hauyaondoi mafuta yaliyokwisha kushika mshipani. Faida yake ni nyingine: nyama hujifunza kutumia vizuri oksijeni ile kidogo ipatikanayo, mishipa hulegea na kupitisha damu vyema, na moyo hupata mazoezi.

Mwaka 2013 Daktari McDermott na wenzake walitangaza jaribio lililofanywa kwa watu 194 wenye ugonjwa huu. Nusu yao walikutana mara moja kila juma, wakatiana moyo na kuwekeana shabaha, kisha walitembea karibu na nyumbani kwao. Baada ya miezi 6, umbali wao wa dakika 6 uliongezeka kutoka mita 357 hata kufika mita 400 hivi. Wenzao, ambao walipewa mafundisho ya afya tu, walipungua kutoka mita 353 hata 342. Tofauti hiyo yatosha kumfikisha mtu kituo cha basi badala ya kuishia njiani. Tena haikuhitaji mashine, ila njia ya kutembelea, wenzi, na saa.

Jaribio jingine, la mwaka 2021, lilijibu swali lililowasumbua wagonjwa wengi: je, haitoshi kutembea taratibu pasipo kuumia? Jibu lilikuwa kwamba haitoshi. Waliotembea kwa bidii mpaka maumivu yakaja ndio waliopata faida. Waliotembea kwa raha hawakupata faida kuliko wale wasiofanya mazoezi. Basi jamaa wamwonapo mama akisimama njiani na kushika mguu, wasimwambie, "Rudi, usijiumize." Maumivu ya namna hii hayaharibu nyama. Afadhali wasimame pamoja naye, wamngoje, kisha waendelee.

Hata hivyo yapasa kwanza aonane na daktari. Mwenye kidonda mguuni, mwenye maumivu hata akiwa amelala, au mwenye maumivu ya kifua asianze mazoezi haya kabla ya kupewa ruhusa.

DAWA NA KAZI YA WAPASUAJI

Pamoja na mwendo, mgonjwa hupewa dawa. Dawa za jamii ya statini hupunguza mafuta ya damu na kulinda moyo. Aspirini au klopidogreli huzuia damu kuganda ndani ya mshipa. Dawa za shinikizo na za kisukari hutumika kwa mpango. Ipo pia dawa iitwayo silostazoli iwezayo kuongeza umbali wa kutembea, lakini ni marufuku kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi. Dawa hizi zote ni za kuamriwa na daktari. Zisinunuliwe kwa kusikia habari za jirani. Na kuacha tumbaku si shauri la hiari: bila hilo, mengine yote hupungua nguvu.

Mshipa ukiwa umeziba sana, wapasuaji waweza kuunganisha njia mpya ya damu, au kuufungua mshipa kwa kupitisha mpira mwembamba ndani yake. Njia hii ya pili ilianza kwa ajili ya mwanamke mzee. Tarehe 16 Januari 1964, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, Daktari Charles Dotter alimtibu mama mwenye umri wa miaka 82 ambaye wayo wake ulikuwa umeanza kufa. Ilikuwa imeshauriwa mguu ukatwe, naye alikataa katakata. Dotter alipitisha vijiti vyembamba ndani ya ateri ya paja, akaupanua mshipa pasipo kupasua mguu. Damu ilipita, wayo ukapona, na mama yule alikwenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka alipofariki miaka miwili na nusu baadaye. Njia ile ilibadili matibabu ya mishipa ulimwenguni kote, ya moyo na ya miguu.

KUITUNZA MIGUU NYUMBANI

Mguu wenye damu kidogo huchelewa kupona. Jeraha dogo la mwiba au la kiatu chenye kubana laweza kuwa donda kubwa. Kwa hiyo miguu ioshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu, ikaushwe vizuri baina ya vidole, na ipakwe mafuta isipasuke, ila si katikati ya vidole. Iangaliwe kila siku juu na chini. Mama asiyeona vizuri aangaliwe na mjukuu. Asiende miguu mitupu hata uani. Kabla ya kuvaa viatu, akung'ute ndani yake. Asiikanyage maji ya moto wala asiiweke miguu karibu na moto ili kuipasha, maana huenda akaungua bila kuhisi. Sugu zisikatwe kwa wembe.

Zipo dalili zisizongoja. Maumivu ya wayo yajayo usiku na kupungua mgonjwa aning'inizapo mguu kando ya kitanda ni ishara kwamba damu imepungua mno. Kidonda kisichopona, au kidole kinachogeuka rangi kuwa cheusi, ni ishara hiyo hiyo. Watu hao wapelekwe hospitalini bila kukawia. Na mguu ukishikwa ghafula na maumivu makali, ukawa wa baridi, ukapauka, ukafa ganzi au ukashindwa kusogea, jambo hilo ni la saa, si la siku. Huenda donge la damu limeziba mshipa wote. Mtu huyo asikandwe, asifungwe dawa, asingojwe mpaka asubuhi. Apelekwe saa ile ile, kwani katika saa chache tu mguu waweza kupotea.

WAJIBU WA JAMAA

Wazee wengi wa kike hawapendi kuwasumbua watoto wao. Wamezoea kuwahudumia wengine, na kulalamika kwa ajili ya miguu huona kuwa ni aibu. Kwa sababu hiyo watoto wasingoje kuambiwa. Wamwulize mama maswali yenye kujibika: Je, waweza kufika sokoni bila kupumzika? Mwaka jana ulikuwa ukipumzika mara ngapi? Ni kazi gani uliyoiacha mwaka huu? Waweza kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu? Majibu ya maswali hayo humwambia daktari mengi kuliko neno "naumwa" au "siumwi".

Ikiwa mama ana umri wa miaka 65 au zaidi, au ana kisukari, au alitumia tumbaku, na mwendo wake umepungua, aombewe kipimo cha kifundo cha mguu. Kikionekana salama, jamaa watakuwa wameondoa shaka moja na kutafuta sababu nyingine. Kikionekana kibaya, watakuwa wamegundua ugonjwa ungali na dawa. Wala wasimpunguzie mwendo kwa kumhurumia, wakimletea kila kitu mahali aketipo. Huruma iliyo bora ni kumpa mkono kila jioni, kutembea naye hata apate maumivu, kungoja naye mpaka yapoe, na kesho yake kwenda naye hatua chache zaidi.